Shule ya Kutwa Chini ya Milima ya Uluguru

Haiwezekani kuandika habari za miaka mia moja ya Injili katika nchi ya Uluguru bila kuandika habari za shule. Kwa muda mrefu nyumba ilikuwa moja tu: Jumapili iliitwa kanisa, na kuanzia Jumatatu iliitwa darasa. Aliyepiga kengele ya ibada ndiye aliyepiga kengele ya shule, na mara nyingi kengele yenyewe ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa juu ya mti. Hata hivyo, katika vitabu vya kumbukumbu, shule ya kutwa husahauliwa. Shule za bweni zina wahitimu wanaokutana, wana picha za mabweni na nyimbo za shule zao. Shule ya kutwa ina watu waliorudi nyumbani jioni. Sura hii inakusudia kueleza habari za shule ya namna hiyo, yaani shule isiyo ya serikali ambayo mtoto huiendea asubuhi na kuiacha jua likichwa, jinsi ilivyoanza katika sehemu hizi, ilivyochukuliwa, ilivyorudi, na jinsi inavyoendeshwa.

Msomaji aangalie kwanza neno lenyewe. Kutwa ni kuchwa, yaani kuzama kwa jua. Shule ya kutwa ni shule ya mchana wote, nayo inakiri kwa jina lake kwamba usiku mtoto ni wa wazazi wake. Ugomvi mwingi utakaosimuliwa hapa chini ulitokana na jambo hilo.

Haki inadai kusema kwamba shule ya kwanza ya kutwa isiyo ya serikali katika nchi hii haikuwa ya Wakristo. Kabla ya mmisionari yeyote kupanda njia ya misafara kutoka pwani, watoto walikaa kwenye mikeka wakiwa na mbao zao mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani, wakasoma alif, wakarudi kwao kula. Mwalimu huyo hakulipwa na dola. Aliishi kwa zawadi za wazazi na kwa kazi ya mikono ya wanafunzi shambani kwake. Mpango huu, mwalimu mmoja, wazazi wanaomlisha na mtoto anayelala kwao, ndio uliokuja kuigwa na misheni baadaye, ingawa hakuna aliyependa kusema kwamba aliiga.

Misheni ya kwanza kufika ilikuwa ya Kikatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1882 walifungua kituo Morogoro, katika nchi iliyotawaliwa na Kingo, wa ukoo wa Kisabengo aliyejenga mji wenye boma uliojulikana kwa wasafiri kama Simbamwene. Elimu yao ya kwanza haikuwa ya kutwa. Watoto wa Bagamoyo wengi walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Hawakuwa na baba wala mjomba wa kurudi kwake jioni. Kwa hiyo walilala misheni, walilima misheni, walioana misheni, na vijiji vyao vya Kikristo vilikuwa vya misheni. Bweni katika nchi yetu lilianza hivyo, kama makao ya mtoto asiye na kwao, na fahari ya bweni tunayoijua leo ilikuja baadaye sana. Inafaa kukumbuka kwamba karibu miaka mia moja baadaye, pale Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro, wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walianzisha mwaka 1978 Shule ya Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976. Nayo ilikuwa ya bweni kwa sababu ile ile. Mwaka 1992 ilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Walutheri walikuja na fikira nyingine, ingawa si lazima waliijua kuwa ni fikira. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kutunza shule. Wazazi wa wakati ule walimjibu kwamba hawawezi kuwaachia watoto wao, kwa kuwa kazi za nyumbani ni nyingi. Luther hakuwaambia wawatoe watoto nyumbani. Alisema mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, na saa zilizobaki afanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi, na msichana naye apate saa yake moja kwa siku. Hiyo ni shule ya kutwa, tena ya muda mfupi kuliko yoyote iliyopata kusajiliwa Tanzania. Jambo la pili katika waraka ule ni kwamba Luther hakuuandikia uongozi wa kanisa bali madiwani, yaani serikali ya mji. Wanaodhani kwamba shule ya Kikristo lazima imilikiwe na kanisa wasome tena waraka huo, na wanaodhani kwamba kanisa halina neno juu ya shule wausome pia.

Mwalimu wa kijiji

Misheni ya Kilutheri ilifika Dar es Salaam mwaka 1887, ikaenea katika Uzaramo, na mwaka 1903 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Misheni ya Berlin. Kutoka Uzaramo ndiko Injili ya Kilutheri ilikoelekea Uluguru, na ndiyo maana kanisa lililozaliwa baadaye lilichukua majina yote mawili, Kanisa la Kilutheri la Uzaramo-Uluguru, moja kati ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Pamoja na reli walikuja makarani, mafundi, vibarua wa mashamba ya mkonge, na wafanyabiashara wa Kihindi ambao jumuiya zao zilikuwa na desturi ya kufungua shule zao wenyewe katika miji ya reli. Serikali ya Wajerumani ilihitaji watu wa kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, ikajenga shule chache, iliyo maarufu zaidi ikiwa ile ya Tanga. Mzigo uliobaki uliachwa kwa misheni. Kufikia mwaka 1914 shule za serikali katika koloni zima zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000, na shule za misheni zote kwa pamoja zilidai kuwa na zaidi ya 150,000. Tofauti ni kubwa, lakini msomaji asidanganyike. Karibu wote hao wa misheni walikuwa katika shule za vijiji za kutwa, chini ya paa la nyasi, mbele ya mwalimu mmoja ambaye elimu yake ilizidi ya wanafunzi wake kwa miaka michache tu.

Mwalimu huyu anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu shule ilikuwa yeye mwenyewe. Asubuhi alifundisha kusoma, kuandika, kuhesabu, kuimba na katekisimu. Mchana alilima, kwa sababu mshahara wake haukumtosha. Jioni alitembelea wagonjwa, akasuluhisha ugomvi, akawafundisha watu wazima waliojiandaa kwa ubatizo. Hakuwa na orodha ya mahudhurio inayoaminika, kwa kuwa mahudhurio yenyewe yalikuwa kama mvua. Wakati wa kupalilia darasa lilibaki na watoto watano, na wakati wa kulinda mtama dhidi ya ndege na nyani halikuwa na mtu. Mmisionari alipokuja kukagua, habari zilimtangulia, na siku hiyo benchi zilijaa. Wakaguzi wa siku hizi wanaoshangaa jinsi shule inavyopendeza siku wanapofika wajue kwamba desturi hiyo ni ya zamani.

Vita vilimpima mwalimu wa kijiji. Majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro Agosti 1916. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na hatimaye kuondolewa nchini, wasirudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Misheni ilikosa kiongozi, fedha na vitabu. Zilizobaki ni shule za kutwa ambazo mwalimu wake alikuwa mwenyeji, na zilibaki kwa sababu hiyo hiyo. Hazikuhitaji mchele wa bweni wala fedha kutoka Berlin. Shule iliyomtegemea mmisionari ilifungwa siku alipoondoka, na ile iliyomtegemea mwalimu mwenye shamba lake iliendelea mpaka shamba lilipokauka. Jambo hilo lilirudiwa mwaka 1939 na 1940, Wajerumani walipowekwa kizuizini mara ya pili na Walutheri wa Marekani, wa kanisa la Augustana, pamoja na wenzao wa Sweden wakaja kusaidia.

Waingereza walileta kitu ambacho hakikuwapo, yaani ruzuku. Tume ya Phelps-Stokes ilipita mwaka 1924, mwaka 1925 serikali na misheni wakakutana Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu: shule ya misheni inayofuata mtaala unaokubalika na yenye mwalimu mwenye cheti itapata msaada wa serikali. Ilikuwa neema, lakini ilikuwa na masharti. Shule ya kijiji yenye mwalimu asiye na cheti haikupata senti. Kwa mara ya kwanza shule za misheni ziligawanyika katika makundi mawili, zinazotambuliwa na zisizotambuliwa, na mwalimu yule aliyelinda kazi wakati wa vita akajikuta upande wa zisizotambuliwa. Tangu siku hiyo swali la nani anayelipa likawa pia swali la nani anayeamua kilicho shule. Swali hilo halijaondoka.

Mlima, mjomba na mwali

Uluguru si nchi tambarare. Kutoka mji wa Morogoro milima inapanda hadi zaidi ya mita 2,600, na Mgeta, Matombo, Kinole, Kolero na Bunduki si majina ya vijiji vilivyopangwa kando ya barabara moja, bali ni mabonde yaliyotengwa na migongo ya milima. Mtoto anaweza kuiona shule kwa macho asubuhi ng'ambo ya korongo, na bado akatembea saa nzima kabla ya kuifikia. Wakati wa masika mito inayoshuka kwenda Ruvu hujaa, na mwalimu hana haja ya kuuliza kwa nini upande mmoja wa bonde haukufika.

Tena katika nchi hii ukoo hufuata upande wa mama. Mmisionari wa Kijerumani, aliyezoea kwamba baba ndiye mwenye neno, alimwendea baba, baba akakubali kwa heshima zote, na mtoto hakuja. Mwenye neno alikuwa mjomba. Ilichukua muda kwa misheni kuelewa kwamba ardhi ya ukoo, na pamoja nayo hatima ya watoto, vilikuwa mikononi mwa ndugu wa kiumeni wa mama. Kwa shule ya bweni jambo hili lingeweza kupuuzwa, maana mtoto akishaondoka ameondoka. Kwa shule ya kutwa halikuweza, kwa kuwa kila jioni mtoto alirudi chini ya mamlaka ile ile, na kila asubuhi ruhusa ilitakiwa upya.

Kwa wasichana ugumu ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa Waluguru, kama kwa Wazaramo, msichana aliyevunja ungo alikuwa mwali, akawekwa ndani kwa miezi mingi, na zamani hata miaka, akifundishwa na wanawake wazima. Alipotoka aliolewa. Kwa hiyo darasa la kijiji lilikuwa na wasichana wadogo, kisha ghafla halikuwa nao. Wachungaji wengine walipigana na desturi hiyo kwa ukali na wakapoteza wanafunzi pamoja na wazazi. Wengine walikubaliana na wazazi wafupishe muda wa kukaa ndani, au waufanye wakati wa likizo, na njia hii ya pili ndiyo iliyofanikiwa polepole. Shirika la kimisionari la masista wa Maryknoll lilichagua njia nyingine. Mjini Morogoro liliendesha shule ya sekondari ya bweni ya wasichana iliyoitwa Marian College, ambayo leo ni Kilakala. Humo alisoma Gertrude Mongella, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Dunia uliofanyika Beijing mwaka 1995. Bweni lilimwondoa msichana katika mlango wa mwali, na hilo ni jambo ambalo shule ya kutwa haikuweza kulifanya. Wanaoisifu shule ya kutwa wasilifiche.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mfumo uliimarishwa: darasa la kwanza hadi la nne katika shule za chini, nyingi zikiwa za kutwa na za misheni, kisha mtihani mkali, na wachache kuendelea na shule za kati hadi darasa la nane. Wazazi wa milimani walitaka nafasi zaidi kuliko zilizokuwapo. Wakati huo huo serikali ilitaka kitu kingine kwao. Mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru uliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mashambani, na mwezi Julai 1955 hasira ililipuka Matombo, mtu mmoja akauawa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 1954, Patrick Kunambi, mtu wa Morogoro, alikuwa mmoja wa waasisi 17 wa TANU. Sambamba na chama ilikuja Jumuiya ya Wazazi, TAPA, iliyofungua shule zake katika sehemu nyingi za Tanganyika kwa nguvu za wazazi wenyewe, bila misheni na bila serikali. Majengo yalikuwa duni. Lakini ndizo zilizoonyesha kwamba Mwafrika wa kawaida, Mwislamu au Mkristo, alikuwa tayari kulipia shule ya kutwa iliyo yake.

Mwaka wa kukabidhi

Uhuru ulipopatikana, sehemu kubwa ya shule za msingi nchini zilikuwa mikononi mwa makanisa. Ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa kisheria kuanzia mwaka 1962, na walimu wa serikali na wa misheni wakaunganishwa katika utumishi mmoja. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika Januari 1970, na shule zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za umma.

Kumbukumbu za Kikristo mara nyingi husema "shule zetu zilichukuliwa", na kuishia hapo. Ni kweli kwamba zilichukuliwa. Sharika zilizochoma matofali zikaona bango jipya likipigiliwa, na wazee waliobeba mabati kichwani kutoka stesheni hawakuulizwa. Lakini mwandishi wa historia lazima aandike na sababu. Watoto wa Kiislamu walikuwa nyuma katika shule, kwa kuwa wazazi wao waliogopa, mara nyingi kwa haki, kwamba njia ya kwenda darasa la tano ilipita mahali pa ubatizo. Katika mji kama Morogoro, wenye Waislamu wengi, jambo hili halikuwa nadharia. Taifa lisingejengwa kwa shule za namna hiyo. Tena serikali ilikuwa tayari ikilipa mishahara ya walimu. Aliyelipa alidai kuamua, kama ilivyokuwa mwaka 1927, ila safari hii alidai yote.

Kilichobaki kwa kanisa ni vipindi vya dini ndani ya shule za umma, ambavyo sharika nyingi ziliviacha vikauka kwa uzembe na si kwa kukatazwa, pamoja na seminari. Kwa kuwa seminari zilihesabiwa kuwa za kuandaa watumishi wa kanisa, ziliruhusiwa, na Walutheri wakawa na Seminari Ndogo mjini Morogoro. Ni shule njema. Lakini ni ya bweni, na huchagua. Mtoto wa kawaida wa mtaa, ambaye shule ya kijiji ilikuwa imeanzishwa kwa ajili yake, alikuwa sasa mtoto wa serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 ulipofika madarasa yalijaa kuliko wakati wowote. Je, kanisa lingeweza kufanya hivyo kwa uwezo wake? Halingeweza.

Kurudi, na jinsi shule inavyoendeshwa

Mlango ulifunguliwa tena kupitia sekondari. Watoto wote walimaliza darasa la saba, lakini nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa za wachache sana, na wazazi hawakuvumilia. Katika miaka ya 1980 Jumuiya ya Wazazi, wilaya, makanisa na watu binafsi walijenga sekondari kwa kasi, hata kabla muongo huo haujaisha shule zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Mwaka 1992 makanisa na serikali yalitiliana saini mkataba wa makubaliano juu ya huduma za jamii, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikamaliza shaka: mtu binafsi na shirika la dini wanaweza kumiliki shule za ngazi yoyote.

Anayetaka kujua jinsi shule ya namna hiyo ilivyopangwa aanze na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na marekebisho yake. Kwanza lazima awepo mwenye shule, aliyekubaliwa na Kamishna wa Elimu. Pili meneja, naye akubaliwe. Tatu shule yenyewe isajiliwe, baada ya wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora, kuhesabu madarasa, vyoo na madawati. Kwa shule ya Kilutheri mwenye shule si usharika, hata kama usharika ndio uliotoa kiwanja na sadaka. Mali husimamiwa na Bodi ya Wadhamini, na dayosisi huamua kupitia vikao vyake. Hapa ndipo penye maumivu ya kimya katika sharika nyingi. Wazee waliofyeka pori hugundua kwamba katika bodi ya shule wana kiti kimoja au viwili. Utaratibu huo una faida yake, maana shule nyingi za watu binafsi zimekufa pamoja na mwenye shule au zimegawanywa na warithi wake, na ya kanisa haina mrithi wa kugombana. Lakini utaratibu unaofaa haumzuii mzee kuhisi kwamba amenyang'anywa kwa mara ya pili.

Chini ya bodi yuko mkuu wa shule, makamu wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mhasibu, na mchungaji wa shule. Chini yao wapo viranja wakiongozwa na kaka mkuu na dada mkuu. Siku huanza kwa mistari, usafi, wimbo wa taifa na sala, ambayo mtoto asiye Mkristo halazimishwi kuisema. Saa nne kuna uji au chai, mchana ugali au makande na maharage, na baada ya vipindi michezo au masomo ya ziada. Kisha lango linafunguliwa.

Uchumi wake ni rahisi kueleza na mgumu kuishi nao. Ada hulipwa kwa awamu, na wazazi huanza mwaka kwa bidii na kuishiwa katikati. Mishahara hulipwa miezi 12, hata mwezi wa Desemba ambao hakuna mtoto shuleni. Shule ya kutwa haina gharama ya vitanda, taa za usiku, matroni na chakula cha jioni, kwa hiyo ada yake ni ndogo. Lakini mwalimu wa hesabu hadai mshahara mdogo kwa sababu wanafunzi wake wanalala kwao. Mwalimu mzuri akipata ajira serikalini huondoka katikati ya muhula, kwa sababu huko kuna uhakika wa pensheni. Ndiyo maana shule nyingi zilizoanza za kutwa zilijenga bweni baada ya miaka michache. Malezi yalitajwa katika mahubiri ya kuweka jiwe la msingi, na katika hesabu ilikuwa ni ada.

Mji wenyewe ulitikisa hesabu hizo. Viwanda vya Morogoro vilivyojengwa miaka ya 1970 na 1980, vya viatu, ngozi na nguo, vilidhoofika, na miaka ya 1990 wengi walipunguzwa kazi. Baba aliyekuwa na hati ya mshahara akawa na meza ya nyanya sokoni. Ofisi ya mhasibu ndiyo iliyoona mabadiliko hayo kabla ya mtaalamu yeyote wa uchumi. Kumrudisha nyumbani mtoto asiyelipa ada kulikuwa kazi ya Jumatatu, na mara nyingi mtoto huyo alikuwa wa mwimbaji wa kwaya.

Safari ya kwenda na kurudi ina habari zake pia. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu, kwa hiyo kondakta wa daladala humwona kama hasara na kumwacha kituoni. Anayetoka mbali sana hupanga chumba karibu na shule, yeye na wenzake wawili, wakipika wenyewe. Vyumba hivyo huitwa mageto. Ni bweni lisilo na matroni, na wasichana wengi wamekatishwa masomo kutoka humo. Mpaka Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni, msichana wa namna hiyo alikuwa amefukuzwa moja kwa moja. Shule za makanisa zilibaki na mjadala mkali kuhusu ruhusa hiyo, na mjadala haukuwa na heshima kila wakati.

Tangu mwaka 2002 ada ya shule za msingi za serikali ilipofutwa, na hasa baada ya mwaka 2006 kila kata ilipoagizwa kujenga sekondari yake, serikali yenyewe imekuwa mwenye shule mkubwa wa shule za kutwa. Januari 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne. Shule ndogo za binafsi zilizokuwa zikipokea waliokosa nafasi zilipoteza wateja wao katika misimu michache, na baadhi zilifunga. Zilizobaki ni zile ambazo wazazi huzilipia kwa hiari ili kukimbia msongamano, zikifundisha kwa Kiingereza na kuwa na basi la rangi ya njano. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na shule nyingi zilizokuwa na vitanda vya watoto wadogo zikalazimika kutafuta mabasi zaidi.

Basi hilo hupita Kihonda, Msamvu, Mazimbu na Bigwa, mahali penye barabara na wazazi wenye mshahara. Juu ya mji, katika Towelo na Luhungo, ambako asubuhi wanawake hushuka na mboga na matunda vichwani, basi halipandi. Watoto wa huko hutembea hadi shule ya serikali iliyo karibu nao. Baadhi ya shule hizo zilikuwa za misheni kabla ya mwaka 1970, na matofali yake ya kwanza yalichomwa na babu zao.